Kudai Kisu Nyakitonto

"Kisu changu!" Longinus alisema hata kabla ya kupiga hodi.

Pasikali, aliyekuwa uani akisuka kikapu, alinyanyua kichwa taratibu. "Karibu, mugenzi, rafiki yangu. Kaa kwanza upumzike."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua kisu."

Lakini alikaa. Mtu aliyepanda lori la chumvi linalorudi Uvinza tupu, akashushwa njia panda, kisha akatembea saa tatu kwa magoti ya miaka sitini na nane, hata awe na hasira namna gani, atakaa tu.

Hii ilikuwa safari yake ya tano. Mwaka wa 1974, siku moja kabla malori ya Operesheni Vijiji hayajafika kilimani kwao, Pasikali aliazima kisu hicho achinjie mbuzi wake wa mwisho. Kesho yake wakapakiwa, huyu lori hili, yule lori lile. Watu waliokuwa wametenganishwa na mstari mmoja tu wa migomba tangu utotoni, mmoja akaenda kumwagwa upande wa Kibondo, mwingine huku Nyakitonto. Kisu kikaenda na Pasikali. Na Pasikali, mwaka wa pili sasa, alikuwa akiapa kwamba labda kilidondoka njiani, au labda kimo humo humo ndani kwenye mizigo, nani ajuaye?

Na hakikuwa kisu cha kusema potelea mbali. Baba yake Longinus alikifua mwenyewe kwa springi ya gari, akakitia mpini wa pembe na kuuzungushia waya wa shaba. Kwa kisu hicho Longinus alimchongea mkewe Verediana mwiko wake wa kwanza, na kwa kisu hicho hicho alikata sanda ya kumzikia. Mpaka leo alikuwa akivaa ala kiunoni, tupu. Mkono ulikuwa ukienda pale wenyewe, haukuti kitu, na moyo unamuuma. Mwanawe Kasian, karani kule Tabora, alimletea kisu kipya cha dukani. Longinus alikitumia kumenyea mihogo, basi.

Kule kwake nyumba zilipangwa mstari kama madarasa, na jirani wa kulia wala wa kushoto hakuna aliyemjua baba yake. Walimwita Mzee. Shikamoo mzee, kwaheri mzee. Alipika peke yake, akala peke yake, akaosha sahani moja.

"Hii ni mara ya mwisho," alimwambia Pasikali. "Nipe kisu changu, na hapa sikanyagi tena mpaka nife. Nimechoka kufanywa mjinga."

"Basi tukitafute," alisema Pasikali.

Wakakitafuta. Walimwaga vikapu, wakainua kitanda, wakachungulia hata ndani ya mtungi wa maji, ambamo walikuwa wamechungulia mara zote nne zilizopita. Pasikali naye aliishi peke yake, mabinti wote wameolewa mbali, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwakemea kwa fujo ile. Huku wakitafuta walibishana: yule mbuzi alikuwa dume au jike, na ni nani hasa aliyetumbukia mtoni siku ya ubatizo wa mwenzao Bazilio. Pasikali alicheka mpaka akashika ukuta. Longinus naye alicheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Ninunulie kingine, bwana, tuyamalize!"

Pasikali alimtazama kama aliyetukanwa. "Kisu cha baba yako nikilipe kwa kisu cha dukani? Hata! Tutakitafuta tu."

Asubuhi ya siku ya tatu mvua ilinyesha. Pasikali alijifunika gunia akaenda kukata mkungu wa ndizi, mgeni asiondoke mikono mitupu. Longinus alibaki ndani, na paa la nyasi likaanza kumdondokea utosini. Akapanda kigoda ili azibe tundu. Alipokuwa akisogeza nyasi, vidole vyake viligusa kitu kigumu.

Kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa kilicholowa mafuta ya mawese. Alikifungua. Pembe. Waya wa shaba. Chuma cheusi kisicho na chembe ya kutu, na makali yaliyonolewa, huenda juma lile lile.

Yesu wangu! Miaka miwili! Safari tano! Mzee mzima anainua kitanda, anachungulia mtungi, na kumbe anajua! Hasira ilimpanda Longinus mpaka masikio yakamwaka moto. Akakichomeka kisu kwenye ala. Kiliingia chote, kikatulia, na kiuno chake kikausikia ule uzito wa zamani. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Basi, yamekwisha. Lori lilikuwa likipita njia panda saa nane. Angetoka sasa hivi, bila kuaga, na mambo ya Nyakitonto yangeishia hapo.

"Longi!" Pasikali aliita kutoka migombani, sauti imejaa furaha. "Longi wee! Njoo uone mkungu huu!"

Hapakuwa tena na mtu mwingine duniani wa kumwita hivyo.

Longinus alipanda kigoda upesi kuliko magoti yake yalivyopenda. Alikiviringisha kisu kwenye kitambaa chake kama kilivyokuwa, akakisukumia ndani kabisa ya nyasi, akajifuta mafuta kwenye suruali. Kisha akasimama mlangoni, akafoka kwa nguvu zake zote:

"Mwizi mkubwa wewe! Maharage yakishavunwa narudi, na siku hiyo utanipa kisu changu!"