Mwizi wa Hatua ya Mwisho

Mchezo wa video wa kampuni ulikuwa umetimiza miaka arobaini, na mkurugenzi alisimama jukwaani akijipigapiga kifua. "Kila sura humu niliichora mwenyewe."

Kwenye viti vya nyuma aliketi bibi aliyezichora sura zote hizo, kisha akafukuzwa bila ahsante. Za mwizi arobaini.

Zamani runinga zilikuwa na ukungu, na mwizi wa hatua ya mwisho alionekana kama doa. Kwa ajili ya sherehe kampuni ilikuwa imemsafisha, akajaa ukuta mzima: pua iliyopinda, sikio lililokatika ncha, chunjua juu ya mdomo.

Watu wakamtazama mwizi, wakamtazama mkurugenzi.

Mkurugenzi akaficha chunjua lake kwa kiganja. "Nani kamchora huyu?"

"Si umesema ni wewe, mzee," akajibu bibi.