Mtungi Uliozama

"Gesi ya mwisho ilinunuliwa jana," muuza duka aliniambia. "Jaribu lile kapu, mama. Wapanda milima huacha masalio yao humo."

Mtu wa safari ya wiki sita kwa miguu hachagui. Nikaomba beseni la maji, nikaitia ile mitungi midogo mmoja mmoja. Mitupu ikaelea kama bata. Mmoja ukazama hadi shingoni.

Ulikuwa mpya, kifuniko hakijaguswa. Ubavuni umebandikwa plasta ya kidonda, yenye mwandiko wa mume wangu: "Wa Mama Kobe. Chai kwanza, kununa baadaye."

Tuligombana Jumatatu juu ya nani anamchelewesha nani, akaniita Mama Kobe, akatangulia. Mwanamume ambaye asipopata chai ya moto asubuhi, salamu yako haijibu.

"Aliyenunua ule wa mwisho," nikauliza, "alikuwa na mwingine?"

"Hakuwa nao. Alichukua mkate tu, akajaza maji bombani."

Nikaupangusa mtungi, nikauviringisha ndani ya sweta. Kisha nikakaza kamba za viatu, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari, Mama Kobe nikakimbia.