Nembo Mpya ya Nkhwazi

Furukombe alikuwa ananyolewa kwa mara ya nne asubuhi hiyo, na bado mkurugenzi alimwona ana manyoya mengi.

"Punguza, mwanangu," alisema Bambo Kachingwe, ameiinamia kompyuta. "Watu wa siku hizi hawataki ndege mwenye ndevu."

Tawonga Msiska akapunguza. Yeye ndiye aliyeajiriwa kuipa sura mpya nembo ya Nkhwazi, shirika la ndege la taifa, ambalo siku hizi lilirusha viti vitupu kutoka Blantyre hadi Lilongwe. Nembo ya kwanza, ya enzi za babu zao, ilikuwa furukombe mzima mwenye chambo, yule samaki mtamu wa Ziwa Malawi, kwenye makucha. Mkurugenzi wa pili akamkata mkia. Wa tatu akamwondolea bawa moja, eti rangi zinakwisha haraka. Kila bosi mpya lazima aonekane amefanya kitu, na aliyeumia ni huyo furukombe. Chambo hakuguswa na yeyote, maana hajazaliwa Mmalawi wa kukubali kupunguziwa chambo.

Kufikia alasiri, furukombe alikuwa amebaki mstari mmoja uliopinda. Bambo Kachingwe akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapo sasa. Lakini nikwambie ukweli. Jumatatu tunaibandika mlangoni pale ofisi ya Limbe. Wateja wasipokuja, mimi na wewe tunaagana. Bodi imenikaba, siwezi kukutetea."

Tawonga aliogopa kweli. Alikuwa ameacha kazi nzuri Mzuzu, tena kwa maringo, na wajomba zake walikuwa wanamsubiri arudi wamcheke.

Jumatatu asubuhi alikuta foleni imelizunguka jengo zima. Alisimama akakodoa macho, kisha akapita pembeni akitega sikio.

"Hawa wanafungua saa ngapi?" aliuliza mzee mmoja mwenye koti.

"Saa nne, nasikia," alijibu kijana wa mbele yake. "Wasitucheleweshe tu. Wale wa stendi walinisimamisha mpaka nikarudi nyumbani na hasira zangu."

"Mimi nachukua ya watu sita," alisema mama mnene aliyekuwa wa kwanza mlangoni. "Wakwe zangu wamekuja."

"Sita, amayi? Si utatumalizia sisi wa nyuma."

"Ungeamka mapema, bambo. Mimi nimekuja hapa jogoo hajawika."

Ndani, Bambo Kachingwe alikuwa anachungulia dirishani, machozi yanamlenga. Alimkumbatia Tawonga mbele ya wafanyakazi wote.

"Nilijua," alisema. "Tangu mwanzo nilijua."

Hakuwa anajua lolote, ila mambo yakinyooka kila mkubwa huwa alijua. Alinyoosha tai, akaenda kufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Yule mama akaingia, akachomoa sufuria chini ya chitenje chake, akaiweka juu ya kaunta ya tiketi.

"Sita wa kukaanga, bambo. Vichwa msikate."

Mkurugenzi aliitazama sufuria, akaitazama foleni iliyofika hadi sokoni, kisha akamsogelea Tawonga sikioni.

"Kazi yako umebaki nayo," alinong'ona. "Sasa kimbia uwanja wa Chileka, ukaniulizie katika wahudumu wetu wa ndege nani anajua kukaanga samaki."