Simu ya Miaka Miwili Mbele

Sheria ilikuwa wazi: mtu haruhusiwi kununua chombo cha moto kabla hajajipigia simu mwenyewe, miaka miwili mbele, akajiuliza kama anajuta. Shemdoe, mwalimu wa hesabu pale Lushoto, alikuwa amekonda kwa kutojua achukue pikipiki ya kupita lami na matope iliyopo dukani, au asubiri toleo jipya la mwakani. Basi akavaa tai, kwa heshima yake mwenyewe, akapiga.

Akapokea mkewe, Namkunda.

“Hebu nipe mimi wa huko,” alisema Shemdoe.

Namkunda wa huko hakumwita mtu. “Nunua hiyo iliyopo, mume wangu. Leo hii. Uiendeshe sana.” Simu ikakatika.

Shemdoe akaduwaa. Namkunda huyohuyo alikuwa jikoni anamenya viazi, na mwezi mzima alikuwa akimsihi asubiri, labda wazimu utamtoka.

“Kapokea nani?” aliuliza Namkunda.

“Wewe. Umesema ninunue leo.”

“Mimi? Basi nimelogwa!” Akacheka mpaka kiazi kikamponyoka. Kisha kicheko kikamwishia, kisu kingali mkononi.

“Na wewe ulikuwa wapi?”