Mstari Ulionyooka

Mzee Nkusi, fundi cherehani wa Muhima aliyewahi, kwa maneno yake mwenyewe, kubeba fahali mgongoni kutoka Gahanga, aliminya kishikio cha watafiti waliokuja na kompyuta kupima utulivu wa mikono, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Hatupimi ubabe, muzehe," binti mtafiti alicheka. "Minya kidogo tu, halafu ushikilie hapo hapo."

Kwenye kompyuta, mstari wake uliruka kama mbuzi aliyeona chui.

Mkewe akapokea kishikio huku anatafuna karanga. Mstari ukanyooka kama uzi uliovutwa, wala kompyuta hakuitazama.

Nkusi akaukodolea macho mstari ule. Miaka thelathini mwanamke huyu aliomba kukata nguo za maharusi. Miaka thelathini alimjibu kuwa mkono wa kike hauwezi mkasi, akamwachia vifungo. Na nguo ngapi zilipinda mkononi mwake mwenyewe, akausingizia mkasi!

Watafiti walipoondoka, alitandaza hariri nyekundu aliyokwisha kuichora chaki, akamwekea mkewe mkasi kiganjani.

"Leo kata wewe, mama watoto."

Mkewe alikipapasa kitambaa taratibu, kutoka pindo hadi pindo.

"Umechora wapi, mzee wangu? Vile vifungo vilishanimaliza macho."