Alichomtafunia Mjukuu

Daktari wa mifugo alipasua mzoga wa jogoo wa Bi Kidawa, akakuta moyo umegandwa na utando mzito kama wa maziwa yaliyochemka. Akarudi nyuma.

“Bakteria wa kawaida hawaui hivi, bibi. Hawa watakuwa na vinasaba vinavyowafanya wakali. Nani alimshika?”

“Mimi, mwanangu. Alikuwa anakoroma, nikamnyonya makamasi kwa mdomo, nikatema. Ndivyo tunavyowaponya.”

“Ukasukutua?”

Bi Kidawa alikumbuka muhogo aliomtafunia mjukuu wake mara tu baada ya kutema, akamlisha kwa kidole.

Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake. Aliifungua mbeleko taratibu, akampakata, akaweka kidole kilekile chini ya pua yake, akingoja pumzi.