Sehemu ya Injinia

Mabegi matatu yalishatolewa mlangoni na teksi ilishaitwa, lakini Injinia alikuwa bado anagawa diski.

Uinjinia huo alijipa mwenyewe, siku alipofaulu kuunganisha printa. Leo alikuwa anaiwekea kompyuta ya nyumbani mfumo mpya, na kabla ya mfumo ilibidi diski ikatwe vipande viwili: sehemu yake na sehemu ya mkewe. Ndoa yenyewe walishaikata jana. Mkewe alisema amechoka, yeye akasema hata yeye, na kwa mara ya kwanza mwaka huo wakakubaliana jambo.

Ugomvi ulibaki kwenye kompyuta. Mkewe alikuwa mshonaji, na vipimo na michoro ya nguo za wateja wake wote imo humo. Akiikosa, anaanza upya na chaki. Injinia naye alikuwa na mali yake humo: mechi za mpira ambazo matokeo yake anayajua, na picha zake akiwa ndani ya suti.

Hukumu aliitoa yeye, mbele ya mjomba wa mkewe. "Kompyuta ni ya nyumba. Anayebaki ndiye anayebaki nayo. Anayeondoka nitamwachia sehemu yake. Akitaka chake, aje apige hodi."

Mkewe alimtazama mjomba. Mjomba akaitikia kwa kichwa. Injinia alishangaa kidogo jinsi watu walivyokuwa waelewa.

Sasa mjomba huyo alikuwa amepiga magoti mlangoni na bisibisi, anabadilisha kitasa. Nyumba ilikuwa ya mjomba, jambo ambalo Injinia alilikumbuka paa likivuja tu. Alimwonea huruma mzee wa watu: mpwa anaondoka, yeye anahangaika na vitasa.

Kwenye skrini mstari mrefu ulikuwa unangoja kukatwa. Injinia aliukata kwa haki: jigi mia nane za nafasi zikawa zake, mia mbili za mkewe. Vitu vyao vya kwenye kompyuta vilikuwa vimehifadhiwa kwenye diski ya kuazima. Alivirudisha kila kimoja kwa mwenyewe, kisha akaifuta yote diski ya watu, maana yeye ni mstaarabu.

Mkewe akatoka jikoni na ndala miguuni. Alikuwa amebandika maharage. Injinia akacheka, akamuuliza ni msafiri gani anabandika maharage. Akajibiwa kwamba maharage hayana haraka. Kisha mkewe akauliza vile viatu vyeusi viko wapi, naye bila kugeuka akamwambia chini ya kitanda.

"Na ukifuta sehemu moja," mkewe alisema, "ile nyingine inabaki nzima?"

"Inabaki, mama. Ndiyo maana ya kugawa." Alilisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Mfumo ukaomba jina la mtumiaji. Akaandika: Bosi. Ukaomba neno la siri. Kabla hajalifikiria, teksi ikapiga honi.

"Haya, safari njema," aliiambia skrini. "Ufunguo uache mezani."

"Wako kaa nao tu, mkwe," alisema mjomba, akikijaribu kitasa kipya. "Haufungui tena."

Mkewe akainama, akaviweka viatu vyeusi mbele ya miguu ya Injinia, kimoja kimoja.

"Vaa. Mwenye teksi anangoja."

Injinia anaishi kwa dada yake, kwenye kochi. Mjomba alikula sahani mbili. Zile jigi mia nane zilifutwa siku hiyohiyo, kabla maharage hayajaiva. Mshonaji anashona, na kila asubuhi akiwasha kompyuta, inamwambia: Karibu, Bosi.